Hao korongo si wageni

Mhariri,

Assalaam alaikum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Barua yangu ni ndefu, na najua kazi yako ni kupunguza, lakini nakuomba habari ya kalenda uiache kama ilivyo, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Wiki tatu zilizopita mlichapisha picha ya korongo weupe wametapakaa mbugani, mamia kwa mamia, na nyuma yao mchungaji na ng'ombe wake. Maneno ya chini yalisema: "Wageni kutoka Ulaya." Mtoto wa kaka yangu aliupiga picha ukurasa ule akanitumia kwenye simu, kwa sababu anajua shangazi yake na ndege hawaachani. Picha nimeipenda, nimeichapisha na kuibandika jikoni. Neno moja tu ndilo limenikaa kooni, nalo ni hilo la wageni.

Mimi ni mtu wa Makunduchi, Unguja. Nililetwa huku mwaka 1984 kusomea uuguzi, nikiwa na miaka 21, wakati ule ikiitwa Ujerumani Mashariki. Wakubwa wenzangu watakumbuka udugu wa siku zile. Zile nyumba za ghorofa za Kikwajuni ni kazi ya msaada wao. Nikaolewa huku, ukuta wa Berlin ukaanguka mwaka 1989, nchi zikaungana, mimi nikabaki. Nimewauguza wazee miaka mingi na sasa nimestaafu. Nakaa kijijini, kusini ya Rostock, si mbali na mto Warnow, katika nyumba tuliyoachiwa na mama mkwe wangu. Nyuma ya nyumba kuna banda la ng'ombe la zamani. Mbele, ng'ambo ya barabara, imesimama nguzo ndefu, na juu yake kuna kiota cha korongo ambacho upana wake unazidi kitanda cha mtu mmoja. Kimefumwa kwa vijiti, nyasi, matambara na chochote walichookota mashambani. Mume wangu alikikuta kiota hicho alipozaliwa.

Leo ninapoandika ni tarehe 27 Machi, na kiota ni kitupu. Tunawangoja.

Watu wa nyumbani huniuliza machipuko ni kitu gani hasa, na wengi hudhani ni siku moja ambayo baridi inaisha na maua yanafunguka. Sivyo. Hapa mwezi wa Desemba jua linachomoza saa mbili imeshapita, na kabla ya saa kumi alasiri limezama. Januari ni hivyohivyo, mbingu rangi ya bati, miti mitupu kama fagio zilizosimamishwa. Mtu mgeni akitazama nje Februari ataapa kwamba nchi imekufa. Lakini dalili zimeshaanza zamani, na ya kwanza haionekani kwa macho. Inasikika.

Kuna ndege mdogo huku, mashavu meupe, kifua cha njano, na katikati ya kifua mstari mweusi uliotelemka kama tai ya karani. Haendi popote wakati wa baridi, anabaki akitafuta mbegu na wadudu kwenye magome. Siku moja, baridi bado ni kali, jua likichungulia kwa saa moja tu, anapanda kwenye ncha ya mti na kuanza: ticha, ticha, ticha, ticha. Mara ya kwanza kumsikia ilikuwa mwaka 1985, natoka zamu ya usiku, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu. Niligeuka. Nilidhani ni mtoto wa Kiswahili anamwita mwalimu wake. Nilisimama pale barabarani nikalia, maana nilikuwa sijasikia neno la kwetu kwa miezi. Tangu siku ile, kwangu machipuko huanza kwa huyo ndege. Mwaka huu alianza tarehe 21 Januari, na kipimajoto cha dirishani kilikuwa nyuzi nne chini ya sifuri.

Baada yake ni mhezeli. Huu ni mti mdogo wa vichakani ambao maua yake hutoka kabla ya majani, na mtu asiyejua hawezi kuyaita maua. Ni vishada vyembamba vinavyoning'inia, virefu kama kidole, rangi ya njano iliyofifia. Ukikigusa kimoja, vumbi linamwagika mkononi kama unga wa manjano. Sasa sogeza macho kwenye tawi hilohilo. Utaona kichipukizi kidogo kama punje ya mtama, na kwenye ncha yake nyuzi fupi nyekundu, nyekundu ya damu, hazifiki hata urefu wa kope. Hilo ndilo ua la kike, nalo ndilo litakalokuwa kokwa mwezi wa Septemba. Miaka kumi ya mwanzo nilipita mbele ya mti huo bila kuliona, mpaka mama mkwe aliponishika kidevu, akanigeuza uso, akasema: tazama hapa, mwanangu.

Kisha yanatoka yale maua meupe madogo ambayo Wajerumani huyaita vikengele vya theluji, yanatoboa ardhi iliyoganda kwa ncha ya jani lake ngumu. Mwisho wa Februari wanafika korongo wa kijivu, ambao ni ndege wengine kabisa na hawa wa kwenye picha yenu. Hawatoki kwetu, wengi wao wanakaa msimu wa baridi Hispania na Ufaransa. Unawasikia kabla hujawaona, sauti kama tarumbeta mbili zinazojibizana, na asubuhi unawakuta kwenye majani yenye umande wakirukaruka na kufungua mbawa, dume na jike, wanacheza ngoma yao. Mashambani kipozamataza wa huku anapanda angani wima, anaimba huku akipanda mpaka anakuwa nukta, na haachi kuimba. Jioni ndege mmoja mweusi mwenye mdomo wa rangi ya chungwa anakaa kwenye kipaa cha nyumba yetu na kuimba polepole, kwa utulivu, kama mtu anayesoma kasida peke yake. Na katika vidimbwi vya kinamasi, kwa siku chache tu Machi au Aprili, vyura wa kiume wa aina moja hugeuka rangi ya buluu. Buluu kweli, ya shati la shule. Wiki ikipita wamerudi kuwa kahawia.

Sasa nije kwenye kalenda.

Mama mkwe alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la ushirika. Hakusoma sana. Lakini kila mwaka alitundika kalenda jikoni, na penseli ameifunga kwa uzi kwenye msumari uleule. Siku mhezeli ulipomwaga vumbi, aliandika. Siku korongo wa kwanza alipotua kwenye nguzo, aliandika na saa. Siku mbayuwayu alipoingia bandani, siku kekeo alipolia mara ya kwanza. Huku kuna mila kwamba ukimsikia kekeo wa kwanza uzitikise sarafu mfukoni, na mwaka mzima hutakosa fedha, kwa hiyo siku hizo za Aprili mama mkwe hakutoka nje bila sarafu. Hakuzitupa kalenda hizo. Alipofariki nilizikuta kwenye sanduku la viatu na la pili na la tatu, ya kwanza ni ya mwaka 1957. Mimi nimeendelea pale alipoishia.

Nilipozipanga mezani kwa mfuatano, niliona jambo. Mwaka 1963, mwaka niliozaliwa, mwaka wa baridi kali sana, mhezeli umeandikwa tarehe 24 Machi. Miaka ya sitini na sabini mara nyingi ni mwisho wa Februari au Machi. Mwaka 2020 niliandika mwenyewe: tarehe 11 Januari. Mwaka huu 19 Februari, na wote tulisema umechelewa. Lakini korongo hakusogea. Yeye ni wiki ya mwisho ya Machi au ya kwanza ya Aprili, tangu 1957 mpaka leo. Nilijiuliza kwa nini, mpaka nikamaliza kujiuliza nikaona jibu ni rahisi. Mhezeli uko hapa, unaihisi joto la udongo wa hapa. Korongo mwezi wa Februari yuko kwetu, kwenye mbuga za Afrika Mashariki au mbele zaidi kusini. Atajuaje kwamba Rostock hakuna barafu mwaka huu? Saa yake imo mwilini mwake, na anaifuata saa hiyo akiwa bado chini ya jua letu.

Basi ndiyo maana nasema, Mhariri, dalili ya kwanza ya machipuko ya huku haianzii huku. Inaanzia pale kwenye picha yenu. Siku kundi lile linapoanza kuzunguka juu kwa juu, likifuata hewa ya moto inayopanda, ndiyo siku machipuko yameanza, na anayeweza kuiona siku hiyo ni yule mchungaji. Hakuna Mjerumani hata mmoja anayeweza.

Na tuhesabu miezi. Korongo wa nguzo yetu anafika mwanzo wa Aprili, anaondoka mwisho wa Agosti. Ni miezi mitano. Saba iliyobaki yuko njiani na yuko Afrika. Njia yake ni ndefu kwa sababu hapendi kuvuka bahari. Juu ya maji hakuna hewa ya moto ya kumbeba, kwa hiyo hupita Istanbul, Uturuki, Shamu, jangwa la Sinai, kisha hufuata mto Nile kupanda kwetu. Makinda ni zaidi. Kinda huondoka akiwa na miezi miwili na kitu, tena mara nyingi kabla ya wazazi wake, na wengi hawaonekani tena huku mpaka wamefika miaka miwili au mitatu. Utoto wake na ujana wake wote ameupitishia huko. Amekula panzi wa huko, nzige wa huko, viwavijeshi kwenye mashamba ya watu wa huko. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe amelishika tangu siku aliyotua, na hakuna aliyemlipa.

Mbayuwayu ndio wamenigusa zaidi. Uzito wa mbayuwayu mmoja haufiki nusu ya yai la kuku. Hapa anasifiwa kwa ule mkia wake wenye nyuzi mbili ndefu, na wataalamu wanasema jike humchagua dume kwa urefu wa nyuzi hizo. Sasa sikilizeni: manyoya ya mbawa na ya mkia mbayuwayu huyabadilisha wakati yuko Afrika. Mwezi wa Februari mwaka 2019 nilikuwa Makunduchi, nimekaa barazani kwa kaka yangu, na kwenye waya wa umeme mbele ya nyumba wamejipanga mbayuwayu kama hamsini. Walikuwa wachakavu, mikia imekatika, mmoja nyuzi moja ndefu na nyingine fupi, manyoya mapya yanachomoza katikati ya makuukuu. Mke wa kaka akasema, masikini, wanaumwa. Hawakuwa wanaumwa. Walikuwa wanashonewa nguo. Sidai kwamba wale ndio wa bandani kwangu. Wengine wa pwani yetu hutoka mbali mashariki, mpaka Urusi. Lakini nguo ambayo mbayuwayu anaringia huku mwezi wa Mei imeshonwa upande wetu, kwa nzi na mbu wa upande wetu.

Mwaka 2013 tulilikarabati banda. Fundi aliyekuja, mtu mwema, aliona dirisha dogo la juu halina kioo akafikiri ni uchakavu, akalifunga kioo kizuri. Sisi hatukuwa makini. Tarehe 18 Aprili, asubuhi, nilikuwa naanika nguo nikasikia ule mlio wao, vit, vit. Wawili. Walikuja moja kwa moja kwenye dirisha lile kwa kasi, kama mtu anavyoingia mlangoni kwake gizani bila kupapasa. Mbele ya kioo, kama shibiri moja, wakasita, wakapiga mbawa mahali pamoja, wakageuka. Wakazunguka banda. Wakarudi. Wakasita tena palepale. Walifanya hivyo siku nzima, na siku ya pili. Nilikuwa natazama viumbe waliovuka Sahara, wakavuka Bahari ya Kati, wakafika nyumbani na kukuta kitasa kimebadilishwa. Jioni ya siku ya pili nilimwambia mume wangu, siwezi kulala. Alichukua ngazi na tindo akakitoa kioo chote. Hajateremka bado, yuko kwenye kidato cha tatu, mmoja akapita juu ya kichwa chake akaingia ndani. Tangu hapo dirisha lile halina kioo. Tunalifunga Oktoba kwa ubao, tunaliondoa ubao mwisho wa Machi.

Nataka niwasimulie habari moja zaidi, maana inahusu mtu wa kwetu. Katika mkusanyo wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Rostock amehifadhiwa korongo aliyekaushwa. Alipigwa risasi mwaka 1822 karibu na Klütz, mji mdogo magharibi ya hapa, na alipoanguka walikuta mkuki umepita shingoni mwake. Mkuki wenyewe una urefu wa sentimita 80 hivi, na ulitambuliwa kuwa ni wa Afrika ya kati. Mpaka wakati ule wasomi wa Ulaya walikuwa bado wanabishana ndege huenda wapi wakati wa baridi. Wako waliosema mbayuwayu hulala chini ya maziwa, kwenye tope. Wako waliosema ndege wa aina moja hugeuka kuwa wa aina nyingine. Mkuki ule ukawa ushahidi ambao hakuna aliyeweza kuukataa.

Nimekwenda kumtazama mara nne. Wenzangu wa huku humshangaa ndege: ameruka vipi bara zima na mti shingoni? Hata mimi namshangaa. Lakini nikisimama pale mbele ya kioo, fikira zangu huenda kwa mtu aliyeurusha mkuki. Aliuchonga kwa mkono wake. Alijua korongo hufika lini na huondoka lini, pengine alijua kuliko profesa yeyote wa Rostock. Jambo lililowasumbua wasomi kwa karne nyingi, kwake lilikuwa habari ya kila mwaka. Hakuna aliyemwuliza.

Bibi yangu mzaa mama naye hakuna aliyemwuliza. Alilima muhogo na mtama kwenye maweni ya Makunduchi, na maji yakitoka alishuka pwani kutafuta pweza. Siku zake alizihesabu kwa miongo, makumi ya siku tangu Nairuzi, ile siku ambayo sisi tunaifanyia Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Alikuwa akijua mwongo gani kupanda nini. Na kama mama mkwe wangu, alikuwa na dalili zake. Mwezi wa Machi alikuwa akiangalia sululu na vitwitwi kule pwani. Akiwaona wamenenepa, wamejikusanya makundi makubwa na hawatulii, hasa wakati wa magharibi, alikuwa akisema: "Kaskazi imechoka, hawa wanaondoka, tengenezeni mapaa." Nao kweli waliondoka, jua likizama, kundi kwa kundi, wakilia, wakielekea kaskazini juu ya bahari. Baada yake huja maleleji, pepo hazijui ziende wapi, halafu masika.

Bibi alifariki mwaka 1991. Nilikuwa huku. Ninayokumbuka katika elimu yake ni hayo machache niliyokuandikia, na mengine mawili matatu kuhusu tipitipi na mvua ambayo sina hakika nayo, kwa sababu nilikuwa mtoto nasikiliza huku nacheza. Mama mkwe ameacha masanduku matatu. Mwanamke wa Makunduchi aliyejua sawa na yeye, pengine zaidi, hakuacha hata mstari mmoja. Nikiwaza hilo naumia, Mhariri, nakwambia ukweli.

Huku serikali inalithamini jambo hili. Idara yao ya hali ya hewa ina watu wa kujitolea kama elfu moja, wakulima, walimu, wastaafu, ambao kazi yao ni kutazama mti uleule na kuandika tarehe. Kwa tarehe hizo mwaka wanaugawa majira kumi, wala si manne. Machipuko peke yake ni matatu: la kwanza linaanza mhezeli unapochanua, la pili kichaka cha forsithia, la tatu mtufaha. Hawaangalii kalenda, wanaangalia mti. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, kwa sababu nilimwona bibi yangu na kaskazi yake, masika yake, kusi yake, vuli yake, demani yake. Ilikuwa elimu ileile.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Wasomaji mlioko Tanzania na Kenya, siku hizi za mwisho wa Machi na Aprili, wale ndege walioko kwenye waya mbele ya nyumba yenu wanaondoka au wameshaondoka. Siku utakayowaona mara ya mwisho, iandike. Andika kwenye kalenda ya dukani iliyotundikwa ukutani, kwenye daftari la mtoto, popote: tarehe, mahali, ndege gani. Kama jina lake hulijui, andika alivyo. Mwezi wa Septemba na Oktoba wakirudi, iandike siku ya kwanza. Walimu wa shule za msingi, watoto wanaweza kazi hii kuliko sisi; macho yao ni mazuri na wanapenda kuwa wa kwanza. Na mwenye bibi au babu aliye hai, aliyevua au aliyelima kwa miongo, amwulize wiki hii. Aulize dalili za kaskazi kuisha ni zipi, ndege gani, mdudu gani, nyota gani. Amwandikie maneno yake kama anavyoyasema, bila kuyasahihisha.

Na wewe Mhariri, nakuomba kona ndogo, hata sentimita tano za safu moja, mara moja kwa mwezi, ya kuzichapa tarehe hizo. Mimi nitaleta za huku. Tutaweza kusoma kwamba korongo wameonekana wakinyanyuka Serengeti siku fulani, na wiki kadhaa baadaye mmoja ametua kwenye nguzo kijijini kwetu. Hatutajua kama ni huyohuyo, lakini njia ni hiyohiyo. Mwakani mkiichapa tena picha kama ile, naomba chini yake muandike wako wapi, tarehe ngapi, na wanafanya nini. Neno wageni mliache.

Jana mume wangu aliuondoa ubao wa dirisha la banda. Jumapili, keshokutwa, saa zinasogezwa mbele, na tofauti kati yangu na ndugu zangu wa Unguja itakuwa saa moja badala ya mbili. Hiyo nayo naihesabu katika dalili zangu. Kinamasi kimejaa maji, vyura wameanza kulia mchana. Nyasi chini ya nguzo zimeota upya. Asubuhi nimetazama, saa sita nimetazama, na sasa hivi nimetazama tena: kiota bado kitupu. Katika kalenda nafasi ya korongo iko wazi, na penseli inaning'inia kando yake kwa uzi, kwenye msumari uleule wa mama mkwe.

Wassalaam,

Mwuguzi mstaafu, mzaliwa wa Makunduchi
Rostock, Ujerumani